Saa ya Kinshasa

Masika Perpétue alikuwa mtu wa jumla. Kule Goma, kabla mji haujaanguka mikononi mwa waasi, aliuza maharage na unga kwa magunia, mafuta ya mawese kwa mapipa, na mtu aliyethubutu kuomba kilo mbili alionyeshwa duka la jirani. Hakuwa na daftari. Majina ya madereva, siku za malori kuvuka mpaka, ahadi za watu na uongo wa watu, vyote alivishika kichwani, na kichwa hicho hakikuwahi kupoteza hata gunia moja.

Kisha ukaja ule mwezi wa kwanza ambao kila mtu wa Goma anaujua. Benki zilifungwa. Kufuli za depo lake zilivunjwa mchana na watu ambao hawakuwa hata na haraka. Perpétue, mjane wa miaka arobaini na saba, alimshika mkono binti yake Dorcelle, akapanda lori la kwanza lililomkubali, na kwa njia ndefu ya Uganda, Tanzania na Zambia akafika Lubumbashi kwa mdogo wake Ézéchiel, mtaa wa Hewa Bora, na mfuko mmoja wa nguo ambao nusu yake hazikuwa zake.

Ézéchiel alikuwa dereva wa malori ya barabara ya Kasenga, mtu mwema, ambaye wema wake ulikuwa mwingi zaidi alipokuwa safarini. Nyumbani aliyebaki ni mke wake Honorine, ambaye watu walimwita Mama Lévi, mzaliwa wa hapo hapo, mjukuu wa mfanyakazi wa mgodi. Sebule ya Honorine ilikuwa na viti vinne na meza ya kioo, na sasa ilikuwa na viti vinne, meza ya kioo, godoro, wifi na binti wa wifi. Mwezi wa kwanza Honorine alisema karibuni. Mwezi wa pili alisema hakuna shida. Mwezi wa tatu akaacha kusema, na hapo ndipo Perpétue alipoanza kutafuta mlango wake mwenyewe.

Mlango ulipatikana Kasomeno. Tajiri wa Ézéchiel, Bwana Faustin, alihitaji mtu wa kusimamia depo kule barabarani, na nyuma ya depo kulikuwa na nyumba ya vyumba viwili, ya bati jipya. Alimsikiliza Perpétue akieleza jinsi ya kupanga magunia ya mahindi yasishike unyevu, akatikisa kichwa kwa furaha, kisha akaomba kuona diploma. Perpétue hakuwa nayo. Aliolewa akiwa mwaka wa tano wa sekondari, na tangu siku ile hakuna aliyemwuliza karatasi, kwa sababu wote walikuwa wanamwuliza bei.

"Mama, nafasi nitakuwekea mupaka matokeo ya Exetat itoke," alisema Bwana Faustin. "Ukiwa na diplôme d'État, funguo ni yako. Ukikosa, nitapana kwa mwingine."

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwaka ule ule mama na binti walijiandikisha kwa mtihani mmoja wa Serikali, hiyo Exetat ya kumaliza sekondari. Dorcelle aliandikishwa na shule iliyowapokea watoto wa vita. Perpétue aliandikishwa kama otodidakti, yaani mtahiniwa aliyejisomea mwenyewe, neno ambalo alilifanyia mazoezi siku mbili kabla ya kulitamka mbele ya watu.

Shida ilikuwa vitabu. Vya Dorcelle vilibaki Goma, vya Perpétue vililiwa na panya wa Butembo miaka thelathini iliyopita. Dorcelle alitoa simu yake yenye kioo cha nyufa na kumwonyesha mama yake dunia nyingine. Kulikuwa na kadi za maswali, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, na simu ikikumbuka yenyewe ni kadi gani umeikosa ili ikurudishie kesho. Kulikuwa na saa ya kupima dakika ishirini na tano za kusoma na tano za kupumzika. Na kulikuwa na kalenda ambayo watu wengi wangeweza kuifuata pamoja, kila mmoja akiwa kwake.

"Na bei yake?" aliuliza Perpétue.

"Ni ya bure, Mama."

Perpétue alirudi nyuma kidogo. Katika maisha yake ya biashara hakuwahi kupewa kitu cha bure ambacho hakikuwa kimeoza upande wa chini. Aliichukua simu, akaigeuza, akaikagua kama anayetafuta tundu la panya kwenye gunia.

"Mama, acha kushika bintu yote mu kichwa," alisema Dorcelle kwa upole. "Telefone itashika saa, itashika tarehe. Kichwa yako ibakie na nafasi ya masomo."

Mama alichukua wiki nzima kukubali, na alipokubali hakukubali nusu. Perpétue akiingia kwenye jambo, aliingia na viatu. Kadi alizitengeneza mwenyewe, akizisema kwa mdomo, kila somo akilipitisha kwenye depo lake la zamani. Logariti ilikuwa ni swali la mara ngapi utaligawa gunia hadi libaki kilo moja. Bismarck alikuwa mnunuzi wa jumla aliyekusanya maduka madogo ya Kijerumani akayapa jina moja. Dorcelle alicheka hadi akalia, kisha akazituma kwa wenzake wa Goma waliotawanyika, walioko Beni, Butembo, Uvira, Kalemie, Kilwa. Hao nao wakawatumia wengine. Kabla mwezi haujaisha, watu mia moja na arobaini walikuwa wanasoma kwa kadi za Mama Masika na kufuata kalenda yake: lini historia, lini fizikia, lini kulala.

Saa ya dakika ishirini na tano nayo ilifanya kazi. Iliwahi kulia kanisani katikati ya mahubiri, na pasta, ambaye tayari alikuwa amevuka saa yake kwa mbali, alidhani ni mzee wa kanisa anamwonya, akasema amina na kukaa. Waumini walimsalimia Perpétue kwa heshima mpya.

Kwa Honorine mambo hayakuwa matamu hivyo. Perpétue alikuwa ameona kwamba chakula kikichelewa somo la jioni linachelewa, na kwa kuwa kalenda ilikuwa na nafasi, alimwingiza wifi yake ndani yake. Honorine alikuwa sokoni, anapatana bei ya samaki wa Kilwa, simu yake ilipolia na kumwambia aanze kupika.

Alirudi na kikapu kitupu.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, akisimama mlangoni, "hii telefone njo inanituma kupika? Mu nyumba yangu miye mwenyewe?"

"Mama Lévi, ni kwa kupanga tu..."

"Unipange? Miye niko kiti?"

Perpétue alimtoa kwenye kalenda siku ile ile, lakini neno lilikuwa limeshatoka na likabaki sebuleni, likilala nao godoro moja. Tangu hapo Honorine alipima unga wa bukari, ugali wa kwetu, kwa kikombe, mbele ya macho yao, na kukung'uta kikombe mara mbili. Perpétue, aliyewahi kuwa na magunia mia nne ya unga mahali pamoja, aliona aibu kila alipokata tonge, na kila usiku alimwambia Mungu habari za Kasomeno, vyumba viwili, bati jipya.

Wiki moja kabla ya mtihani, kituo chake kilibandika tangazo: kufika saa moja na nusu asubuhi, mlango kufungwa saa mbili kamili, simu marufuku. Dorcelle alikuwa shuleni. Perpétue aliamua kuiandika ratiba kwenye kalenda kwa mkono wake, siku zote nne, ili wanafunzi wake waone kwamba mwalimu naye anaweza. Alisoma ratiba hiyo mara tatu. Aliandika 7h30. Simu ikamwuliza jambo moja tu, saa ya wapi, na ikampa majina mawili ya Kongo: Kinshasa, Lubumbashi.

Hapa mtu wa nje angebonyeza Lubumbashi na kuendelea na maisha yake. Perpétue alifikiri. Mtihani huu si wa Lubumbashi. Ni mmoja nchi nzima, unatungwa Kinshasa, unafungwa kwa lakiri Kinshasa, unatumwa na Serikali ambayo iko Kinshasa. Basi saa yake itakuwa ya nani? Akabonyeza Kinshasa, akaona amefanya jambo la mtu aliyesoma. Kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima, hilo alilijua vizuri sana, tangu enzi za kupiga simu kwa wauzaji wa kule. Lakini alishaambiwa asishike vitu kichwani, na yeye ni mtu wa kutii ushauri alioukubali. Alizima simu, na ile saa moja na nusu ikamtoka kichwani kabisa.

Siku ya mtihani Dorcelle aliondoka mapema mno, kwa sababu shule yake iliwakusanya watoto kwanza. Aliiacha simu kwa mama yake. Perpétue alioga bila haraka. Aliangalia kalenda: mtihani, 8h30, yaani saa mbili na nusu. Muda upo. Aliketi na chai na mandazi, akipitia miaka ya wafalme.

Honorine alipita na ufagio, akasimama.

"Yaya, hauende?"

"Ni huit heures trente. Bado."

"Mutoto wa Mama Nkandu naye anafanya. Ametoka zamani. Mama yake anasema mulango inafungwa huit heures."

"Labda kituo yake ni ingine." Lakini mkono wa Perpétue ulikuwa umeshaacha andazi. Alichukua simu, akalifungua lile neno mtihani, na ndani yake, kwa herufi ndogo za watu wasiotaka kesi, kulikuwa kumeandikwa: 7h30, Kinshasa.

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Perpétue aliona vyote kwa mara moja, kama zamani: mlango wa kituo, mlango wa Kasomeno, na watu mia moja na arobaini wa upande huu wa nchi waliokunywa chai kwa amani kwa sababu Mama Masika alisema muda upo.

Honorine hakuuliza maelezo. Alitoka na ufagio mkononi, akasimamisha pikipiki katikati ya barabara bila kumwachia dereva nafasi ya kukataa, akarudi akikimbia.

"Panda. Ukienda sasa, utafika."

Perpétue alikuwa amesimama juu ya tofali kwenye kona ya ukuta, mahali pekee pa ua ambapo mtandao ulikuwa unashika, simu ameinua juu ya kichwa.

"Ngoja. Ninarekebisha."

"Yaya, enda. Benye kuchelewa bachelewe, beko na bamama yabo."

"Mama Lévi, mutu akinunua gunia kwangu akakuta mawe ndani, gunia ninarudisha. Sijawahi kuuza mawe."

Aliongea kwenye simu kwa sauti iliyozoea kupita juu ya injini za malori, na mtaa mzima wa Hewa Bora ukasikia: "Banafunzi bote, ni Mama Masika. Ile heure ni ya bongo, hapana ya kweli. Ni mimi nilikosea, hapana telefone. Mulango inafungwa huit heures ya kwetu. Mwenye anakunywa chai, aache chai. Mwenye hajavaa, avae mu njia."

Ujumbe uligoma kwenda. Akautuma tena. Kisha akaanza kurekebisha kalenda yenyewe, kwa sababu wapo waliozima mazungumzo lakini kengele ya kalenda wangeisikia. Hakujua njia. Alibonyeza pasipostahili, akarudi, akafuta siku ya pili badala ya kuibadilisha, akaiandika upya. Dereva wa pikipiki alipiga honi. Honorine alimtazama, honi ikanyamaza, naye Honorine akaenda kusimama chini ya tofali na kumshika wifi yake miguu asianguke. Siku ya kwanza ikakubali. Ya pili. Ya tatu ikazunguka, ikazunguka, ikakubali. Ilipokubali ya nne, ilikuwa saa moja na dakika arobaini na tatu. Perpétue alimwachia Honorine simu, akapanda.

Nisiwadanganye. Njia nzima alilia. Malori ya shaba yalikuwa yameziba mzunguko, dereva alipita kwenye mitaro na mara moja kwenye ua wa mtu, na mama huyu mkubwa, aliyepita nchi nne bila kutoa chozi, alilia nyuma ya mgongo wa kijana asiyemjua hadi shati la kijana likalowa. Walifika saa mbili na dakika tisa. Mlango ulikuwa umefungwa.

Mlinzi aliitwa Mukuka, mtu mrefu mwenye funguo nyingi kuliko milango.

"Baba, nifungulie."

"Mama, ni huit heures. Imepita. Sheria."

"Hiyo sheria ina dakika ngapi ndani?"

"Haina dakika."

Perpétue alijaribu kila alichojua. Alimsifu, alimwombea, alimwuliza kabila la mama yake. Mukuka alijibu kila swali kwa adabu na hakutoa ufunguo. Ila kupitia nondo za mlango Perpétue aliona jambo: watahiniwa walikuwa bado uani, wamekaa kwenye nyasi, na mkuu wa kituo alikuwa anazunguka mlingoti wa bendera na simu sikioni. Mtihani haujaanza. Maswali hayajafika. Akajifuta uso na kanga, akasimama wima kando ya mlango.

Saa mbili na dakika ishirini na sita gari jeupe la jeep liliingia kwenye vumbi. Ndani yake alikaa mkaguzi aliyetumwa kutoka Kinshasa jana yake, koti la vifungo vitatu, sanduku la lakiri magotini. Mkuu wa kituo alitoka mbio hadi kwenye dirisha la gari.

"Bwana Mkaguzi, tumekuwa na wasiwasi sana," alisema kwa Kifaransa.

"Wasiwasi wa nini?" Mkaguzi alinyoosha mkono, akaonyesha saa nzuri ya dhahabu. "Saa moja na dakika ishirini na sita. Nimewahi."

Watahiniwa waliokuwa karibu na mlango walianza kukohoa. Mkaguzi aliangalia jua, akaiangalia tena saa yake, na kukohoa kule kukamweleza yaliyobaki. Mukuka alifungua mlango mpana ili gari lipite, na gari lilipopita, Perpétue alipita nalo, mkono juu ya dirisha, kama mtu aliyekuja nalo.

"Na huyu mama ni nani?" aliuliza mkaguzi.

"Amechelewa, Bwana Mkaguzi," alisema Mukuka.

"Sijachelewa," alisema Perpétue. "Monsieur l'inspecteur, mimi niko ku saa yenu. Ku saa yenu mulango bado haijafungwa."

Kumfukuza yule mama kungemlazimu mkaguzi ajifukuze kwanza yeye mwenyewe, na hakupanda ndege kuja kufanya hilo. Alishusha mkono wa koti hadi ukaifunika ile saa ya dhahabu.

"Aingie," alisema.

Aliingia siku ile na siku tatu zilizofuata, na siku hizo tatu alifika kabla ya Mukuka. Honorine ndiye aliyemwamsha.

Majibu yalianza kurudi kwenye simu jioni ya siku ya kwanza. Guelor wa Kalemie alikuwa bado kitandani sauti ilipomfikia, akatoka na kiatu kimoja na kandambili moja. Dada wawili wa Kilwa walikimbia hadi kituoni, wakaingia mlango ukisukumwa. Msichana mmoja wa Uvira hakuwahi, na Perpétue alikaa na habari hiyo muda mrefu bila kula.

Matokeo ya jimbo yalitoka Jumamosi asubuhi. Dorcelle alituma namba yake kwanza: asilimia sitini na nne. Akapiga kelele, akajizuia, akatuma ya mama yake. Simu ilifikiri. Ézéchiel, ambaye siku hiyo hakuwa safarini, alisimama kwenye kona ya ukuta bila kupumua. Kisha Dorcelle akasoma polepole, kama anavyosoma mtu asiyeamini: "Masika Perpétue. Réussi, amepita. Hamsini na mbili."

Kwa miaka mingi Perpétue alikuwa Mama Dorcelle, Mama wa depo, na miezi hii sita alikuwa mgeni. Alimwomba Dorcelle asome tena lile jina.

Barabarani vijana wa mtaa walikuwa wameshaanza yao. Mnajua kwetu: aliyepita Exetat hapongezwi kwa mkono, anamwagiwa poda kichwani hadi awe mweupe, na anatembea hivyo mtaa mzima ili hata asiyejua kusoma ajue. Marafiki wa Dorcelle walimvuta mkono, wakammwagia, wakaondoka naye wakiimba. Hakuna aliyekuwa na poda ya mama wa miaka arobaini na saba. Perpétue aliona ni sawa. Aligeuka kuingia ndani akaona Honorine ameondoka bila neno, ameingia jikoni. Alifikiri: amechoka nami, na ana haki.

Honorine alitoka na beseni. Lilikuwa na unga wote uliobaki ndani ya nyumba, ule unga wa kikombe kinachokung'utwa mara mbili. Alikuja moja kwa moja, akainuka kwenye ncha za vidole kwa sababu wifi yake alikuwa mrefu, na akaligeuza beseni lote juu ya kichwa chake.

"Mama Lévi," alisema Perpétue kutoka ndani ya wingu, "hiyo ni unga ya kula."

"Njo yenyewe, unga ya kula," alisema Honorine. Alikuwa analia na hakujificha. "Ulisomea mu sebule yangu. Hii diplôme iko ya hapa kwetu. Sasa toka ku barabara, bantu bakuone."

Perpétue alitoka, mweupe kuanzia kilemba hadi kandambili, na machozi yakimfanyia uji mashavuni, na Honorine akatembea kando yake akiwa amebeba beseni tupu na kumtangaza jina lake lote kwa kila mlango. Jioni ile hapakuwa na bukari, na hakuna aliyeuliza.